Konea zinazochongoka na watoto wanaosubiri

Lugha yetu haina uhaba wa majina ya maradhi ya macho. Tunayo chongo, kengeza, chamba, kikope na mtoto wa jicho. Ukiyachunguza majina hayo kwa makini, ndugu msomaji, utabaini kwamba yote yanataja kasoro ambayo jirani anaweza kuiona akisimama mbele ya mgonjwa. Wazee wetu walilipa jina lile walilolishuhudia kwa macho yao wenyewe. Upo ugonjwa mmoja, hata hivyo, ambao haukupata jina katika vinywa vya watu wa kawaida, na sababu si umaskini wa Kiswahili. Haukupata jina kwa kuwa mtoto anayeugua huonekana mzima kabisa. Jicho lake halitongi, halina doa, wala halitazami upande. Mwenyewe tu ndiye anayejua kwamba herufi zilizo ubaoni zina vivuli, na kwamba taa moja ya gari usiku humwonekea kama taa tatu. Mara nyingi hata yeye hajui kuwa hali hiyo si ya kawaida, maana hajawahi kuazima macho ya mwenzake akalinganisha.

Madaktari huuita ugonjwa huu keratokonasi. Jina hilo limeundwa kwa maneno mawili ya asili ya Kigiriki: keras, yaani pembe, na konos, yaani umbo la pia. Kila mtoto aliyewahi kuzungusha pia kwa kamba analifahamu umbo hilo, na mimi sioni ni kwa nini tusiseme 'konea pia' tukaeleweka. Hata hivyo, katika makala haya nitapendelea kutumia kitenzi badala ya nomino, nami nitasema kwamba konea inachongoka. Wala kitenzi hiki kisichanganywe na chongo. Nimekichagua kwa sababu nomino humfanya msikilizaji adhani kwamba ugonjwa ni kitu kilichotulia mahali pamoja, ilhali huu ni mwendo. Mjadala wote kuhusu tiba yake kwa watoto ni mjadala wa mwendo huo na wakati unaopita.

Konea ni kile kioo angavu kilicho mbele kabisa ya jicho, kinachoifunika mboni. Katikati yake ina unene wa takriban nusu milimita, haina mshipa hata mmoja wa damu, na ndiyo inayofanya kiasi cha theluthi mbili ya kazi ya kuukusanya mwanga ili picha iangukie panapostahili. Uthabiti wake unatokana na nyuzi za protini iitwayo kolajeni, zilizopangika tabaka juu ya tabaka na kushikamana kama fito za ukuta wa udongo zilivyofungwa kwa kamba. Kamba zikilegea, ukuta hubetuka. Vivyo hivyo, nyuzi za konea zikilegea, konea hukonda, ikasukumwa mbele, na badala ya kuwa mviringo kama sehemu ya mpira ikachongoka. John Nottingham, tabibu wa Liverpool, aliandika kitabu kizima juu ya hali hii mwaka wa 1854, kwa hivyo asije mtu akatuambia kwamba ni maradhi mapya yaliyoletwa na simu za mkononi.

Aghalabu mchongoko huanza wakati wa kubalehe, ingawa wapo watoto wanaoanza mapema zaidi. Hushika macho yote mawili, lakini si kwa kiwango sawa. Kwa kawaida huendelea hadi mtu afikiapo miaka ya 30 na kitu, kisha hupungua kasi wenyewe, kwa kuwa umri nao hukaza zile kamba za kolajeni. Hapa ndipo penye dhuluma ya ugonjwa huu. Mtu mzima wa miaka 35 akigunduliwa, huenda mwili wake umekwisha kuanza kumtetea. Mtoto wa miaka 12 ana zaidi ya miaka 20 ya hatari mbele yake, na konea za watoto huchongoka kwa kasi kuliko za watu wazima. Miaka hiyo hiyo ndiyo ya madaftari, ramani, majedwali ya kemia na mitihani ya kitaifa.

Kwa muda mrefu dunia nzima ilikuwa na njia mbili tu za kukabiliana na hali hii. Ya kwanza ilikuwa kumpa mgonjwa miwani, na miwani ikishindwa, lenzi ngumu ya kuvaliwa juu ya jicho. Vifaa hivi humsaidia mtu kuona, lakini havizuii chochote. Konea huendelea kuchongoka chini ya lenzi hiyo hiyo. Njia ya pili ilikuwa kungoja hadi konea iharibike kabisa, kisha kuikata na kupandikiza ya marehemu. Upandikizaji huo si mgeni: wa kwanza kufanikiwa ulifanywa na Eduard Zirm huko Moravia mwaka wa 1905. Lakini kwa mtoto ni safari ndefu yenye nyuzi za kushonea, matone ya dawa kwa miaka, na hofu ya mwili kuikataa konea ya kigeni. Isitoshe, konea hiyo lazima itoke kwa mtu aliyefariki, na hapa Kenya, kwa miaka mingi, nyingi zimekuwa zikiagizwa kutoka ng'ambo.

Mabadiliko makubwa yalitoka Dresden, Ujerumani. Wollensak, Spoerl na Seiler walichapisha mwaka wa 2003 matokeo ya njia ambayo, ukiielezwa, utashangaa kwamba ni rahisi hivyo. Ngozi laini ya juu ya konea huondolewa baada ya jicho kutiwa ganzi. Matone ya riboflavini, ambayo ndiyo vitamini B2 ile ile tuipatayo katika maziwa na mayai, hudondoshwa kwa muda wa nusu saa. Kisha konea humulikwa kwa miale ya urujuanimno kwa nusu saa nyingine. Mwanga na vitamini vikikutana, nyuzi za kolajeni hupata vifungo vipya baina yao, yaani fito hufungwa kamba upya. Mamlaka ya dawa ya Marekani iliidhinisha njia hii mwaka wa 2016 kwa watu wa umri wa miaka 14 na zaidi.

Sasa nisimame kidogo kwenye uwanja wangu, ambao ni lugha. Tiba hii hufanya nini hasa? Katika Kiswahili tuna vitenzi kutibu, kuponya, kutuliza, kuzuia na kukomesha, na kila kimoja kina ahadi yake. Mzazi akiambiwa kwamba mtoto wake 'atatibiwa macho', husikia kwamba atapona. Wiki mbili baadaye mtoto anatazama ubao na vivuli vingali pale pale. Tena katika majuma ya mwanzo huenda akaona vibaya kuliko awali, kwa kuwa konea ingali inajiuguza na mara nyingine hushikwa na ukungu mwepesi. Mzazi huyo akihisi ametapeliwa, na asirudi kliniki, na jicho la pili lisipelekwe, je, tumlaumu yeye? Ukweli ni kwamba kuunga nyuzi hakumrudishii mtoto uwezo wa kuona alioupoteza. Kunazuia asipoteze zaidi. Atahitaji bado miwani au lenzi. Maneno haya mawili, 'kunazuia, hakurudishi', yapasa kutamkwa kwa lugha ya mzazi, iwe Kiswahili, Kiluo, Kikamba au Kisomali, kabla hajatia sahihi au kidole chake kwenye karatasi ya idhini. Karatasi ya idhini isiyosomeka kwa anayeitia sahihi ni pambo tu la faili.

Vilevile asifichwe hatari. Maumivu ya siku chache za mwanzo ni makali. Jicho lililoondolewa ngozi yake ya juu laweza kuingiwa na vijidudu hadi litakapofunga. Konea iliyokwisha kukonda mno, chini ya takriban mikroni 400, haiwezi kumulikwa kwa utaratibu wa kawaida bila kuhatarisha sehemu za ndani. Tazama basi jinsi kuchelewa kunavyojizidisha: mtoto aliyechelewa sana hupoteza si uwezo wa kuona tu, bali hata nafasi ya kupata tiba rahisi.

Je, mtoto akigunduliwa atibiwe papo hapo, au asubiriwe hadi ithibitike kwamba konea yake inaendelea kuchongoka? Wataalamu wenyewe wamegawanyika. Hoja ya kusubiri ina uzito. Si kila konea inayoanza kubetuka huendelea, na hakuna mzazi apendaye mwanawe akwanguliwe jicho pasipo haja. Mwaka wa 2021 kulichapishwa matokeo ya jaribio la Uingereza liitwalo KERALINK, lililowahusisha vijana 60 wa umri wa miaka 10 hadi 16. Nusu yao waliungwa nyuzi. Wengine walipewa huduma ya kawaida ya miwani na lenzi. Baada ya miezi 18, mchongoko ulikuwa umeendelea kwa asilimia 7 ya waliotibiwa, na asilimia 43 ya wasiotibiwa. Tofauti hiyo ni kubwa. Hata hivyo, msomaji makini ataona kwamba zaidi ya nusu ya wale wasiotibiwa hawakuzidiwa katika muda huo. Anayetetea kusubiri ataishika takwimu hiyo hiyo kama ngao.

Upande wa pili una takwimu zake pia. Chatzis na Hafezi, waliochapisha utafiti wao mwaka wa 2012, waliwafuatilia watoto na vijana na kukuta kwamba macho 52 kati ya 59, yaani asilimia 88, yaliendelea kuchongoka. Walipendekeza kwamba kwa watoto kusiwe na kusubiri. Lakini waaminifu walikuwa. Waliripoti pia kwamba manufaa ya tiba yalielekea kufifia kadiri miaka mitatu ilivyokaribia, hivyo mtoto aliyetibiwa bado anahitaji kufuatiliwa.

Kwa maoni yangu, mjadala huu umejengwa juu ya sharti ambalo halitajwi: kwamba anayesubiri anasubiri huku akipimwa. Kijana wa London aliyeambiwa asubiri hurudi kila baada ya miezi michache, konea yake ikachorwa ramani kwa mashine, na siku mchongoko unapozidi hutibiwa. Hata katika lile jaribio la Uingereza, wasiotibiwa hawakutelekezwa. Mweke sasa mtoto wa Lodwar mahali pa kijana huyo. Kutoka kwao hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 600. Nauli ya mtu wawili kwenda na kurudi, malazi, na siku za kazi anazopoteza mzazi ni gharama inayoweza kulipwa mara moja kwa kuuza mbuzi, lakini si mara nne kwa mwaka. Kwa mtoto kama huyo, 'subiri tuone' si ushauri wa kitabibu tena. Ni kumwaga kwa heshima. Ndiyo maana naamini kwamba kanuni inayofaa mahali penye kliniki karibu haifai kunakiliwa neno kwa neno mahali pasipo na kliniki. Penye uhakika wa kufuatilia, tusubiri kwa hekima. Pasipo na uhakika huo, na konea ikiwa imekwisha kuonyesha dalili zisizo na shaka, uzito wa hoja unaelekea kwenye kutibu mapema. Wenye taaluma wanikosoe, lakini wanikosoe wakiwa wamepiga hesabu ya nauli.

Ni watoto wangapi wanaohusika? Hapa inafaa tuwe waangalifu. Makadirio ya zamani yaliyotoka Minnesota, Marekani, mwaka wa 1986, yalisema mtu mmoja kati ya 2,000. Uholanzi mwaka wa 2017 walipata mmoja kati ya 375. Utafiti uliofanywa Riyadh, Saudi Arabia, na kuchapishwa mwaka wa 2018, uliwapima vijana 522 wa umri wa miaka 6 hadi 21 waliokuja hospitalini kwa mambo mengine, ukakuta asilimia 4.79, yaani takriban mmoja kati ya 21. Tarakimu ya Riyadh haifai kubebwa ikapachikwa Kisumu au Garissa. Inachotuonyesha ni kwamba ugonjwa huonekana adimu pale ambapo hautafutwi kwa vifaa vinavyostahili, na kwamba nchi hutofautiana sana.

Lipo jambo jingine linalotuhusu kwa karibu, nalo ni kufikicha macho. Mtoto anayefikicha macho yake kwa nguvu, mwaka baada ya mwaka, yumo katika hatari kubwa zaidi ya konea kuchongoka. Na kwa nini hufikicha? Kwa sababu yanamwasha. Mizio ya macho imeenea katika nchi za joto na vumbi, na aina yake iliyo kali huwashika hasa wavulana kabla ya kubalehe. Kila mwalimu wa darasa la nne amewahi kumwona mtoto huyu: macho mekundu yenye rangi ya kikahawia pembeni, mkono haumtoki usoni. Nyumbani hukemewa, 'Acha kujifikicha!', kana kwamba ni utundu. Kukemea hakuondoi muwasho. Zipo dawa za matone zinazoutuliza, na nyingine zaweza kutumika kwa muda mrefu bila wasiwasi mkubwa. Lakini yale matone yenye steroidi, ambayo hutuliza haraka na kwa hivyo hupendwa, yakitumiwa kiholela humletea mtoto presha ya macho na mtoto wa jicho. Mzazi anayeyanunua tena na tena kwa kupeleka dukani kichupa kikuukuu ili apewe mfano wake huenda anautibu muwasho kwa upofu. Hata mtoto aliyeungwa nyuzi, asipotulizwa muwasho, ataendelea kuibomoa kwa kidole kazi iliyofanywa kwa mwanga.

Nani basi atawagundua watoto hawa? Si daktari wa macho, kwa kuwa hawajamfikia. Ni mwalimu. Na hili si ndoto ya mwanazuoni aliyejifungia ofisini. Katika kaunti ya Trans Nzoia, utafiti ulioongozwa na Daktari Hillary Rono na kuchapishwa mwaka wa 2018 uliwahusisha walimu wa shule 50. Katika nusu ya shule hizo walimu walipima macho ya wanafunzi kwa simu ya mkononi yenye programu maalumu. Katika nusu nyingine walitumia kadi ya kawaida ya herufi. Mtoto aliyepatikana na kasoro katika kundi la simu, mzazi wake alionyeshwa picha inayomwigizia jinsi mwanawe anavyoona, na akakumbushwa kwa ujumbe mfupi. Waliofika hospitalini walikuwa asilimia 54 katika kundi hilo, dhidi ya asilimia 22 katika kundi la kadi na barua. Mimi, kwa kazi yangu, siwezi kuisoma tofauti hiyo bila kufikiri kuhusu ujumbe wenyewe. Barua ya rufaa iliwaambia wazazi kwamba kuna tatizo. Picha iliwaonyesha. Nchi hii ina walimu waliokwisha kuthibitisha kwamba wanaweza, ila mara nyingi huwapa wazazi karatasi isiyosema nao.

Hata hivyo, kupima uwezo wa kuona peke yake hakutoshi kwa ugonjwa tunaouzungumzia. Mtoto aliye katika hatua za mwanzo anaweza kusoma mistari yote ya kadi akiwa amevaa miwani mipya, akapasishwa. Kinachomfichua ni historia: miwani iliyobadilishwa mara mbili kwa mwaka mmoja, jicho moja linaloharibika kwa kasi kuliko lenzie, ndugu au mzazi mwenye ugonjwa huo, na mkono usiotoka machoni. Mtaalamu wa miwani mwenye kifaa cha kawaida cha kumulika jicho anaweza kuona mwanga ukifunguka na kufunga kama makasi, akashuku hata kabla ya mashine ya ramani. Duka la miwani linalouza fremu mpya kila baada ya miezi sita bila kuuliza ni kwa nini linamnyima mtoto haki yake, hata kama lenzi zake ni sahihi kabisa.

Kuhusu fedha nitasema machache. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii ilipochukua nafasi ya bima ya zamani ya NHIF, kumekuwa na mabishano mengi kuhusu kipi kilipiwe. Katika mabishano hayo macho ya watoto husikika kwa nadra. Ningependa wanaopanga orodha hizo walinganishe mambo mawili: saa moja na ushei ya matone na mwanga kwa mtoto wa miaka 13, na upandikizaji wa konea kwa kijana yule yule akiwa na miaka 22, pamoja na matone ya miaka mingi yanayoufuata. Siku hizi hata zipo taa za urujuanimno zinazotumiwa mgonjwa akiwa ameketi kwenye darubini ya kawaida ya kliniki ya macho, bila kuhitaji chumba cha upasuaji. Hospitali za rufaa za kaunti zinaweza kufikiriwa, badala ya kila kitu kuelekezwa Nairobi. Na kwa wale waliokwisha kuchelewa, Sheria ya Afya ya mwaka wa 2017 inamruhusu mtu kuusia tishu zake zitumike baada ya kifo chake. Sheria ipo, kinachokosekana ni mazungumzo sebuleni na msikitini na kanisani.

Kuna pia watoto ambao tayari wamo madarasani na konea zilizochongoka. Baraza la Mitihani ya Kitaifa huandaa karatasi za hati kubwa na kuwaongezea muda watahiniwa wenye uoni hafifu, lakini shule ndiyo inayopaswa kuomba mapema, na haiwezi kuomba kwa niaba ya mtoto inayemwita mzembe. Mwanafunzi anayeruka maneno akisoma kwa sauti, anayenakili 3 kuwa 8, anayeinamisha kichwa kutafuta pembe ya kuonea, apelekwe kupimwa kabla hajapelekwa kwa mwalimu wa nidhamu.

Shule nyingi za bweni humtaka mwanafunzi mpya aje na fomu iliyojazwa na daktari, na katika fomu hiyo huwa na mstari mmoja wa macho ambao hujazwa kwa neno moja tu, 'sawa'. Wizara ya Elimu na ile ya Afya zinaweza kuongeza hapo maswali matatu kwa gharama ya wino: Je, miwani yako imebadilishwa mara ngapi katika miaka 2 iliyopita? Je, macho hukuwasha ukayafikicha karibu kila siku? Je, yupo mtu kwenu aliyeambiwa kwamba konea yake imechongoka? Mwanafunzi anaweza kuyajibu mwenyewe, kwa Kiswahili, akiwa amekaa kwenye foleni ya usajili na sanduku lake miguuni.